Jeki Inanyanyua, Haishikilii

Kwa fundi wetu, kubadili tairi moja ilikuwa kazi ya mtu kuinjika maharage yakaiva. Sitanii. Mama aliyekuwa akitupikia pale gereji ya Mjimwema aliwahi kuyaweka motoni wakati gari linaingia, akayaunga, akasonga ugali, akaja kuuliza kama tunakula, na fundi wetu bado alikuwa analizunguka gari, mikono nyuma, anaangalia ardhi. Hajagusa spana. Mwenye gari amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ananitazama mimi. Nilitazamwa mimi siku zote, kwa sababu gereji ilikuwa yangu na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, na fundi alikuwa mtu wetu wa kuajiriwa, ingawa ukisikia alivyotuamuru ungedhani vibarua ni sisi.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, siyajui vizuri na hayanihusu. Ninachokijua ni ukaidi wake. Huo nilikaa nao miaka saba gerejini, ukiacha ile tuliyokuwa pamoja katika karakana ya ushirika, mimi karani wa kupanga safari za malori, yeye fundi wa hayo malori. Enzi zile springi ikivunjika lori lilikaa kwenye majani mpaka kuku wakatagia ndani. Halafu ikaja ruksa ya biashara. Wanunuzi binafsi wakaanza kufuata tumbaku na mahindi Namtumbo kwa magari yao wenyewe, maduka ya mjini yakajaa vipuri ambavyo tulizoea kuvisikia tu, ushirika ukayumba, karakana ikafungwa, tukapunguzwa. Siku ya mnada wenzetu waligombania meza na baiskeli. Mke wa fundi alikuwa amemtuma ile cherehani ya kushonea maturubai. Akarudi nyumbani na jeki ya mafuta ya tani tano, ile fupi nene ya kusimama, pamoja na stendi nne za chuma. Mkewe alikaa wiki bila kumpa chai.

Sisi tulipofungua gereji tulimchukua kwa ajili ya ile jeki. Lazima nikiri hilo. Jeki nzima yenye stendi zake, Songea ya wakati ule, ilikuwa mtaji. Mtu mwenyewe alikuja kama nyongeza, na mwaka wa kwanza haujaisha shemeji alishachoka na nyongeza hiyo. "Huyu mzee atatuua na njaa," aliniambia. "Abadilike au aondoke." Mimi nikawa katikati. Kila mteja aliyetuacha akaenda kwingine alikuwa anamsogeza fundi karibu na lango, nami nilikuwa namtetea, na kila nilipomtetea nilijiona naongea bila moyo.

Basi niueleze utaratibu wake, na msomaji naye auonje. Kwanza gari lisimame mahali pagumu na pa sawa. Uwanja wetu ulikuwa udongo mwekundu, na masika ulikuwa unameza viatu, kwa hiyo gari lilisukumwa mpaka kwenye kipande cha sakafu ya zege mbele ya stoo. Lisiposukumika, alitafuta ubao mpana wa mninga akautanguliza chini ya jeki. Kisha breki ya mkono, gia, na magogo mawili kwenye tairi ambayo hainyanyuliwi, mbele na nyuma yake. Kisha watu washuke wote, hata mtoto aliyelala kwenye kiti. Kisha aliipampu jeki tupu, bila mzigo, ikapanda, akaishusha, akarudia mara tatu, hasa asubuhi za mwezi wa sita ambapo baridi ya Songea inakunja vidole na mafuta ndani ya chuma yanakuwa mazito. "Naiamsha," alisema.

Hapo ndipo alipoinama kutafuta mahali pa kuiweka, chini ya ekseli, akilenga kichwa cha jeki kikae katikati kabisa. Alipampu taratibu. Tairi ikiachana na ardhi kidogo tu, aliacha, akapiga goti, akakaa kimya anaitazama kama inashuka. Ungeweza kusema anasali. Ikiwa haishuki ndipo alipozileta stendi, akaziweka, akafungua valvu kwa ncha za vidole, gari likakaa juu ya stendi polepole, akainuka akalisukuma kwa bega. Likitulia alisema, "Haya." Na baada ya hiyo haya ndipo kazi ilipoanza.

"Jeki inanyanyua, haishikilii," alimwambia kila mtu. Dereva, mkulima, mwalimu, mfanyabiashara aliyekuja na gari lake la kwanza kutoka ng'ambo, wote waliipata bila kuiomba. "Anayeshikilia ni stendi. Jeki kazi yake imekwisha." Alikuwa na nyingine za namna hiyo. Ukimhimiza: "Haraka yako ibaki huko juu, anayekwenda chini ni mimi." Ukimwuliza atamaliza saa ngapi: "Nikitoka." Mara ya kwanza unacheka. Ukizisikia mara mia tatu, unaanza kusaga meno kabla hajafungua mdomo.

Wala hakujali cheo. Padri wa parokia alikuja siku moja, tairi imeisha upepo, Wakristo wanamsubiri kigangoni. Akabaki ndani ya gari anasoma kitabu chake cha sala. Fundi akasimama pembeni ya mlango, kofia mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba."

"Milele amina. Endelea tu, Fundi."

"Nakuomba ushuke, Baba."

"Mimi peke yangu, hata mzigo sina."

"Baba nawe una kilo," akasema, kwa upole kabisa, na mlango akaushika wazi.

Padri akashuka akasimama juani na kanzu yake. Nilitamani ardhi ya Mjimwema inimeze. Padri mwenyewe alicheka, lakini mimi nilikuwa nimeona watu watatu barabarani wameona.

Jumamosi mchana, wakati wengine wananawa, yeye alikuwa anaihudumia jeki. Aliishusha mpaka chini kabisa, ndipo akafungua kizibo kidogo cha ubavuni kuangalia mafuta. "Ukiangalia ikiwa imepanda unajidanganya," alisema. Yakipungua aliongeza yale ya haidroliki mpaka usawa wa tundu, basi. Aliilegeza valvu akapampu haraka haraka kutoa hewa, akarudisha kizibo, akaikaza valvu kwa mkono mtupu. Siku niliyomwona kibarua anaikaza kwa koleo, fundi alimnyang'anya koleo akaenda kuliweka juu ya dari ya stoo. Pistoni aliifuta kwa kitambaa safi, safi kuliko leso yangu. Kisha jeki ilisimamishwa wima kwenye rafu, imeshuka, imefunikwa mfuko wa unga. Haikulazwa chini hata siku moja.

Na huyo huyo, nisikilize vizuri, nyumbani kwake paa lilivuja misimu minne akawa anahamisha kitanda. Huyo huyo alipanda baiskeli isiyo na breki hata moja, akishuka mteremko wa kwenda mjini mkewe kakaa nyuma na kikapu cha likolo, mboga zetu za majani, akisimamisha kwa soli ya kiatu. Nilimwuliza kwa nini asiweke breki, vipuri vipo sasa, nchi imefunguka. Akajibu kwamba baiskeli anaijua. Nikasema, na jeki je, huijui? Akasema jeki pia anaijua, ndiyo maana. Ongea wewe na mtu wa namna hiyo. Jino lilimuuma tangu Pasaka mpaka karibu Noeli, shavu limevimba, na kila nikimwambia aende hospitali ananiambia litachoka lenyewe. Vyote vya kwake alivitoa bila kuulizwa. Koti lake la baridi nilikaa nalo msimu mzima. Jeki, hapana. Ukitaka jeki, uje na gari.

Kisa cha mafuta ya breki ndicho kilichomfanya shemeji amchukie waziwazi. Jeki ilikuwa imepungua mafuta kidogo katikati ya wiki, fundi kaenda mazishini, shemeji akaona amsaidie. Dukani kulikuwa na chupa za mafuta ya breki za kila rangi. Akajaza. Kesho yake fundi aliishika jeki, akasita, akafungua kizibo, akanusa.

"Nani ameinywesha jeki?"

"Mimi," shemeji akasema. "Ilikuwa imepungua."

"Umeinywesha nini?"

"Mafuta, Fundi. Ya breki. Kwani mafuta si mafuta?"

"Basi leo dada yangu nyumbani akukaangie mayai kwa hayo," fundi akasema, akimaanisha mke wa shemeji.

Akaivunjavunja jeki nzima juu ya meza, wateja watatu wanasubiri. Zile raba za ndani zinazozuia mafuta, tunaziita sili, zilikuwa zimeanza kuvimba na kulainika. Akatuonyesha mmoja mmoja kama mwalimu anayeonyesha daftari chafu. Songea nzima hapakuwa na sili za saizi ile. Tukaagiza kwa dereva wa basi, zikakaa siku kumi na moja, na siku zote hizo fundi hakunyanyua gari. Alifanya kazi za juu tu, injini na umeme. Shemeji akaazima jeki gereji ya jirani. Fundi akaipokea kwa heshima, akaipampu, akaona tone la mafuta shingoni pa pistoni, akaibeba mwenyewe akamrudishia jirani, na kumpa mawaidha ambayo hakuombwa kuhusu sili zake. Jirani yule akaacha kutusalimia. Nikamwambia fundi, "Wewe utatumalizia hata majirani." Akasema, "Nimemwambia inavuja. Ingekuwa sufuria yake inavuja usingemwambia?"

Hapo nilikuwa bado namtetea. Lakini mji ulikuwa unabadilika. Gereji tatu zilifunguliwa ndani ya miaka miwili kwenye barabara ile ile, zina jeki mpya zinazong'aa, na vijana wanaoingia chini ya gari jeki ikiwa bado inapanda. Mtu anashusha tairi, anapandisha, analipwa, anakwenda, na sisi ndiyo kwanza tunatafuta magogo. Watu wa ruksa hawakuwa watu wa kusubiri. Walikuwa wamesubiri miaka yote ile ya foleni, sasa waliona kusubiri ni tusi. Shemeji akasema mwisho ni mavuno ya tumbaku yanayokuja. Fundi asipobadilika, yeye anatoa fungu lake, gereji ife. Nilimwita fundi nikamweleza hivyo hivyo, bila kuficha. Nilimwambia, "Mzee wangu, ni kazi yako tunayoizungumzia." Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama nimekwisha kununua ubao mwingine, maana ule wa mninga umepasuka.

Ndipo likaja lile lori la msiba.

Madereva wa barabara ya Namtumbo miaka ile walikuwa na desturi moja ambayo haikuandikwa popote: jeki hainyimwi. Unaweza kumnyima mwenzako sigara, hata maji, lakini akikwama akakuomba jeki, unasimama unashuka unampa, kwa sababu kesho utakaa wewe porini. Lori lile lilikuwa limetoka hospitali ya misheni limebeba mwili wa bibi mmoja, wanampeleka kwao Namtumbo. Tairi ya nyuma ikapasuka hatua chache kutoka langoni petu. Jeki yao haikupanda. Dereva akaja anakimbia.

Fundi alikwenda akaliangalia. Lori la tani saba. Nyuma jeneza, ndugu kama thelathini wamesimama kulizunguka, na chini ya miguu yao magunia ya mahindi ya kulisha msiba.

"Poleni na msiba," akasema. "Naomba mshuke."

Wakashuka, wanaume kwanza. Kina mama wanne waliokaa na jeneza hawakusogea.

"Na kina mama. Na magunia. Na marehemu."

Mzee mmoja, nadhani mtoto wa kwanza wa yule bibi, akasogea mbele.

"Unasemaje, Fundi?"

"Lori na mzigo huu vinaizidi jeki yangu, bambu, mzee wangu. Na hawa kina mama wako juu. Ikiteleza, wataanguka na mama yenu."

"Sisi maiti yetu ikishapakiwa haishuki njiani. Inashuka kwake."

"Dakika chache tu. Nitatandika mkeka wangu hapo barazani, atapumzika. Mimi mwenyewe nitasaidia kumbeba."

"Unamnyima marehemu jeki."

"Simnyimi. Namwomba ashuke."

Watu wa mtaani wameshajaa. Mama mmoja juu ya lori akaanza kulia upya, kilio cha kumlilia mama yake anayefukuzwa garini. Nikamwambia fundi, mbele ya wote, kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwake, "Toa jeki, mzee." Akanitazama. "Jeki ni yangu," akasema. Na ilikuwa yake kweli, hapo sikuwa na la kusema, na ndilo lililoniudhi kupita yote.

Shemeji alishakimbia kutafuta nyingine. Akarudi na jeki mpya ya gereji ya pili kutoka kwetu, nyekundu, haijachubuka hata rangi. Ikawekwa pale pale kwenye udongo. Kina mama wamekaa juu, magunia yapo, jeneza lipo, wanaimba. Wakapampu watu wawili kwa bomba refu waliloongeza kwenye mkono wa jeki, fundi akageuka akaenda zake ndani, hakutaka kuona. Mimi niliona. Lori lilipanda, tairi ikatoka, ikaingia nyingine, lori likashuka. Halikutikisika. Ingekuwa limetikisika kidogo tu, labda mambo mengine yote yangekuwa tofauti, lakini halikutikisika. Yule mzee alipanda mbele, akaniambia kupitia dirishani kwamba wamejua gereji yetu ni ya watu gani.

Madereva wana mdomo. Kabla ya wiki mbili malori ya Namtumbo yalikuwa yanapita langoni petu bila hata kupunguza mwendo. Nikaenda stoo, fundi alikuwa anaifuta pistoni.

"Fundi, mimi na shemeji tumeongea."

"Najua."

"Ungekwenda kuwaomba radhi wafiwa, labda."

"Nimewapa pole," akasema. "Radhi ya nini?"

Alifunga jeki nyuma ya baiskeli, stendi akazipeleka kwa safari mbili, akatushika mikono wote, na shemeji pia. Hakuwa na hasira, na hilo sikumsamehe kwa muda mrefu. Mtu ukimfukuza akutukane, ili ulale vizuri.

Tukanunua jeki zetu mpya. Tukaajiri mafundi wawili wepesi, mmoja wao Gaitani, mtu mrefu mcheshi aliyetoka Mbinga na mke na watoto wawili. Mavuno yale tulifanya kazi kweli. Malori yalirudi. Shemeji alinenepa, nami sikusikia tena kuhusu kilo za padri. Sitasema niliona pengo. Nilipumua.

Siku moja, mwezi wa tisa, Gaitani alikuwa chini ya pikapu, anafungua gia boksi. Jeki moja, hakuna gogo, hakuna stendi, hatukuwa nazo. Akateleza nje kwenda kuuliza nani amechukua spana yake ya kumi na saba. Alikuwa ananyoosha mkono kuipokea wakati pikapu ilipokaa chini. Haikupiga kishindo. Ilishuka taratibu, kama mzee anayejikalisha, mpaka gia boksi ikagusa lile boksi la karatasi alilokuwa amelalia. Katikati ya boksi, mahali pa kifua.

Tulicheka. Sijui kwa nini, lakini tulicheka sana, na Gaitani kutuzidi wote. Shemeji akamshukuru Mungu kwa sauti, akatuma soda. Tulipomaliza soda Gaitani akaipampu jeki ile ile, akalivuta boksi, akaingia tena. Nami nilikuwa nimesimama hapo na chupa mkononi, nikamwacha. Nilijikasirikia, kisha nikamkasirikia fundi, kwa sababu maneno yake yalikuwa kichwani na sikuyataka, na kila nilipotaka kuyasema yalitoka kwa sauti yake, nikaona watanicheka. Ikapita wiki, ikapita ya pili, kila siku Gaitani anaingia chini na mimi natafuta kazi upande wa pili wa uwanja. Mwishowe nikaona dawa ni moja: arudi fundi mwenyewe, hata kama shemeji ataondoka.

Nilimkuta amekaa nje ya nyumba yake anachambua maharage kwa kupapasa, anaviokota vijiwe kwa ncha za vidole. Alikuwa amepungua mwili. Mkewe ndiye aliyeniona kwanza.

"Karibu sana, kaka. Msogelee, haoni mbali huyu."

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Sauti hiyo naijua. Wateja wapo?"

"Wapo."

"Vizuri," akasema, na alimaanisha.

Nikakaa. Nililetewa uji. Nikamsimulia ya pikapu, nikiwa nimejiandaa kwa yale maneno, niyasikie yaishe. Hakuyasema. Alisikiliza na kichwa kimeinama, kisha akaanza kuuliza.

"Ilishuka ghafla au polepole?"

"Polepole."

"Basi ni sili, au valvu imeshika uchafu. Mafuta mnaangalia?"

"Hapana."

"Na baadaye yule bwana alifanyaje?"

"Alirudi chini."

"Kwa jeki ile ile?"

"Ile ile."

Nikaona niseme lililonileta. Nikamwambia arudi kazini, aje na utaratibu wake wote, magogo yake, kuamsha kwake, nitamsimamia mbele ya shemeji na mbele ya yeyote. Akatabasamu kidogo, akanigeuzia uso, ndipo nilipoyaona macho. Yalikuwa na ukungu mweupe, yote mawili.

"Gari sasa nalisikia tu," akasema.

"Mwaka mzima namwambia aende kwa daktari wa macho," mkewe akasema kutoka jikoni. "Anasema yatachoka yenyewe."

Hasira ilinipanda. Mtu aliyenichosha miaka saba kwa ajili ya tone la mafuta shingoni pa chuma, ameyaacha macho yake yafe hivi hivi, na sasa ninamhitaji. Nilitaka kumwuliza ni mtu wa namna gani. Badala yake nikauliza jambo ambalo Mjimwema nzima tuliliamini na hakuna aliyewahi kumwuliza. Wengine walisema ni mdogo wake, wengine fundi mwenzake wa zamani kabla ya ushirika. Wote tulikubaliana kwamba kuna mtu alimfia chini ya gari, akiona kwa macho yake, na tangu siku hiyo akawa hivyo. Ndilo lililotufanya tumvumilie kwa muda ule tuliomvumilia. Tulimhesabu kama mgonjwa.

"Fundi, yule aliyekufa alikuwa nani?"

"Aliyekufa wapi?"

"Chini ya gari. Aliyekufanya ukawa hivi na jeki."

Aliacha kuchambua. Alionekana kushangaa kweli, hata mkewe akachungulia mlangoni.

"Hakuna aliyekufa," akasema. "Sijawahi kuona hata aliyechubuka. Nilipoanza kazi nilionyeshwa jeki inavyotumika, nikaitumia hivyo."

"Basi tu?"

"Basi." Akaokota kijiwe, akakitupa pembeni. "Kwani wewe ulikuwa unasubiri afe nani?"

Hapo nikakumbuka kwamba ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya kazi, na Gaitani yuko chini ya gari. Nikaaga bila kumaliza uji. Nilitembea mpaka kwenye kona ili mkewe asinione, na kutoka hapo nikakimbia, mtu mzima na tumbo langu, mpaka gereji.